Mwalimu wa Darini na Visahani vya Samli

Saa saba za mchana, jua likiwa limeshawasha bati mpaka linaalika, na paka wa Mkunazini wote wamejilaza chini ya ngazi kama nguo zilizoanguka kambani, Mwalimu alikuwa akishuka kutoka juu amevaa koti. Koti la kijivu, zito, vifungo vyote vimefungwa. Akifika kwenye daka la mlango, penye cherehani yangu, alisimama akatazama uchochoroni kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

"Shikamoo Mwalimu. Huko juu kukoje leo?"

"Marahaba. Kuna kijoto."

Kijoto! Na jasho linamdondoka kidevuni, linatua juu ya kitambaa cha watu. Nilikivuta kitambaa pembeni huku nacheka, kwa sababu wakati ule nilikuwa nacheka kwa kila kitu. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alifuta kidevu kwa kiganja, akakitazama kiganja, akapanda tena.

Mambo yake ya nyuma sikuyajua na wala sikuyauliza. Skuli mimi niliiacha darasa la saba nikashika cherehani, na jiografia aliyokuwa akiisomesha kwenye skuli kubwa ya mjini haikunifika. Nilimjua tangu mwaka 1965, nilipopata lile daka nikiwa kijana wa ndoto nyingi. Nilikuwa naliona kabisa duka langu lenye vioo, na waimbaji wa taarab wamepanga foleni nje nawapima makoti meupe. Ndoto hiyo nilimwambia Mwalimu siku ya kwanza tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vioo vina joto," akasema. "Juu utatia nini?"

Basi huyo ndiye mtu mwenyewe. Ukimpa habari ya harusi, atakuuliza paa la ukumbi ni la nini.

Watu walimwita Mwalimu wa Darini, na si kwa sababu alikaa ghorofa ya juu peke yake. Nyumba ilikuwa yake, ya mawe, kuta nene za kutosha kulaza mtoto dirishani. Lakini sakafu ya chokaa iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ikivuja zamani, ikaondolewa, likapigwa bati. Kati ya bati na dari ya mbao palibaki uwazi ambao mtu anauingia kwa kitundu cha pembeni, tena kwa kutambaa kifudifudi. Uwazi huo ulimla Mwalimu miaka yake. Ukimtafuta barazani hayupo, msikitini kashatoka, sokoni hajaonekana, basi panda juu utazame kwenye kitundu: utaona nyayo mbili.

Neno lake lilikuwa moja, haidhuru. Vyumba vyake vya chini vilipogaiwa watu baada ya Mapinduzi, walikuja vijana wawili kumweleza, wamejitayarisha kwa maneno mengi, naye akawakabidhi funguo kabla hawajafika katikati. Haidhuru. Skuli walipomwambia apumzike, alirudi nyumbani na kipande cha chaki mfukoni, akakiweka dirishani. Haidhuru. Mwanawe wa pekee aliondoka mwaka ule wa sitini na nne, na tangu hapo hakupita mtu akaleta neno lake.

Chumba kimoja cha chini alipewa Mama Chapati, mwanamke mwenye watoto wengi na sauti kubwa, aliyekuwa akipika chapati uani za kuuza. Siku moja alimuuliza Mwalimu kwa huruma kabisa, "Mwalimu, mwanao hakuletei hata salamu?"

"Haidhuru. Yu mtu mzima."

Mama Chapati alinijia pale dakani, mikono ina unga mpaka viwikoni. "Angelia ningejua la kumwambia," akasema. "Lakini mtu kakauka vile, fundi, utamshika wapi?"

Wengi mjini walikuwa hivyo siku zile. Unakutana na mtu, mnaamkiana, hali nzuri, nzuri, na kila mmoja anakwenda zake bila kuuliza la pili. Mimi nilikuwa mdogo, nikifikiri ni adabu.

Mkewe tulimwita Bi Mkubwa. Kiharusi kilimpiga kabla sijafika mimi, na upande wa kushoto wote ukafa ganzi: mkono, mguu, hata nusu ya mdomo. Maneno yalimtoka machache, moja baada ya jingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kitanda chake kilikuwa chumba cha juu, chini ya lile bati, kwa kuwa chini hapakuwa na chumba tena, na ngazi za nyumba zile zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Mgonjwa akishapandishwa, kapandishwa. Kuwaomba watu wa chini wabadilishane naye Mwalimu alikataa. "Nao wana watoto," alisema, na mlango huo ukafungwa.

Sasa upande uliokufa haukujua joto. Hilo ndilo lililomtoa Mwalimu usingizini. Siku moja jua la dirishani lilimwangukia Bi Mkubwa mkono wa kushoto tangu asubuhi, na Mwalimu alipotoka kwenye foleni ya mchele aliukuta umetoa malengelenge, na mwenyewe anamtabasamia kwa nusu ya mdomo. Hakulalamika kwa sababu hakuwa na la kulalamikia. Na mwili mzima nao ulikuwa vivyo hivyo, unasikia nusu tu ya joto la chumba, hivyo mtu alikuwa akimwona yuko salama, anatazama boriti, kisha ghafla macho yamegeuka na kazimia.

Kaka yake Bi Mkubwa alikuwa akikaa Kiwengwa, mtu wa mashamba ya minazi, mnene, wa maneno ya mkato. Sote tulimwita Shemegi kwa kumfuatisha Mwalimu. Alikuja mwezi wa kumi mwaka 1968 na kikapu cha muhogo, akamkuta dada yake kazimia na Mwalimu anampepea kwa jalada la kitabu. Mimi nilikuwa nimepandisha maji. Shemegi alingoja mpaka dada yake akafumbua macho, ndipo akasema.

"Mwalimu, dada'angu anaokwa humu."

"Nnaitengeneza dari."

"Miaka yote unaitengeneza! Kwangu makuti, upepo mchana kutwa. Sikiliza. Nnakupa mpaka kaskazi. Joto la kaskazi likimkuta katika hali kama hii, nnamchukua. Na weye njoo, si lazima ubaki."

"Na nyumba?"

"Ifunge."

Kila mtu alijua nyumba iliyofungwa mwisho wake nini. Ikilala bila mtu siku chache, watatiwa wengine.

"Kuna mtu anaijua nyumba hii," Mwalimu alisema polepole. "Akirudi atakuja hapa. Hajui kwengine."

"Basi chagua, yakhe. Mimi sina la kuongeza."

Nilingoja Mwalimu aseme haidhuru. Nilikuwa hata nshaanza kulisema mwenyewe moyoni. Hakulisema. Alikaa chini sakafuni, karibu na miguu ya kitanda, akaanza kuzikunjua na kuzikunja tena pembe za jamvi.

Visahani nilikuwa nimeviona siku nyingi, lakini baada ya siku hiyo ndipo nilipovielewa. Mwalimu aliigawa dari vipande, na juu ya kila kipande, mle kwenye uwazi, alitandika kitu chake: huku majamvi mabovu, huku sufi, huku usumba wa nazi, na kipande kimoja kikaachwa kitupu. Chini ya kila kipande alining'iniza kibao, na juu ya kibao kisahani cha samli iliyoganda. Jua likipanda alikaa kwenye kibago na koti lake, akitazama samli ipi inaanza kulainika mwanzo. Ya kipande kitupu iliyeyuka kabla ya adhuhuri. Ya majamvi ikafuata. Ya usumba ilichelewa sana. Ya sufi ilikuwa ikifika alasiri bado ina chembechembe.

Tatizo lilikuwa sisimizi. Walishuka kwa kamba safu kwa safu.

"Jamani!" Mama Chapati alipiga kelele toka uani alipopata habari. "Watu wanapanga foleni ya samli tangu alfajiri, Mwalimu anawapakulia sisimizi! Hebu niite na mimi nije kibaoni!"

"Karibu," Mwalimu akamjibu kutoka juu, kavu kabisa. "Lakini usitikise."

Mama Chapati naye alikuwa na shauri lake. "Tia makonyo ya karafuu. Mdudu hapandi, na Bi Mkubwa atanukia kama bi harusi."

"Na wakija kukagua wakaikuta karafuu darini?"

"Makonyo tu, Mwalimu, vijiti visivyo na karafuu!"

"Kwanza watatuchukua, halafu ndiyo watayatazama kama makonyo."

Akanyamaza Mama Chapati, na kumnyamazisha si kazi ndogo. Magendo ya karafuu siku hizo hayakuwa jambo la kutania. Makuti ndiyo yangefaa kuliko vyote, hilo alilijua, lakini mjini yalikatazwa kwa ajili ya moto, na chini yetu palikuwa na majiko yanayowaka toka asubuhi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini sufi, kitu chepesi hivi, kinashinda jamvi zito. Akachukua kitita cha sufi akakiweka mkononi mwangu. Alipenda kufundisha bado. Sauti yake ilikuwa ikibadilika, mgongo ukinyooka.

"Kinachokinga si sufi, fundi. Ni hewa iliyo ndani yake. Hewa iliyobanwa kila upande, haina pa kupita, haiwezi kulibeba joto."

"Kama sisi kwenye foleni ya mchele."

Mdomo ulimtetema upande mmoja. Karibu acheke. Nilijisifia wiki nzima.

Alikuwa haombi kitu, lakini akichukua. Vipande vya nguo vilivyoanguka chini ya cherehani yangu vilitoweka, na sikumkamata hata mara moja. Watoto wa Mama Chapati aliwasomesha hesabu kwenye ngazi bila kuombwa, na wazazi wakija kumshukuru alikuwa akiingia ndani. Alijua majangwa yote ya dunia, yanapoanzia na yanapoishia, na upepo upi unapita wapi, na hakuwahi kuvuka hata kwenda Pemba. Watu aliwaita wote kwa kazi zao, fundi, mama, bwana samaki, kana kwamba majina yana uzito asiotaka kuubeba. Jioni, mara moja tu kwa siku, aliuchukua mkono wa kushoto wa mkewe, ule usiosikia, akaukanda vidole kimoja kimoja akimweleza habari za dari. Nilimwambia, "Mwalimu, mkono huo hausikii." Akasema, "Nnajua. Huu wa kulia hauna haja."

Sufi ndiyo iliyoshinda, lakini sufi haikupatikana. Msimu wa misufi kupasua ulikuwa umepita, na zaidi ya hayo sufi haitandikwi tupu, inaruka, inamwingia mgonjwa kifuani. Inataka kutiwa vifukoni, na vifuko vinataka kitambaa, na madukani siku hizo kitambaa kilikuwa cha kuota tu. Nilimshonea vifuko kwa magunia ya unga wa ngano, vikajaza pembe moja ya dari, basi. Kaskazi ilikuwa mlangoni. Akachagua cha pili.

Usumba ulikuwa tele Kiwengwa. Wanawake wa kule huyazika makumbi ya nazi kwenye mashimo ya pwani, maji ya chumvi yakayaozesha miezi, kisha huyafukua wakayaponda kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi, na nyuzi hizo husokotwa kamba. Na aliyeuleta mjini alikuwa Shemegi mwenyewe. Alishusha magunia kutoka gari la shamba, akayabeba mpaka kwenye ngazi, anahema.

"Nisije nikaambiwa nilimnyima," akasema. "Haya, jaza."

Tulijaza siku nzima. Mimi niliingia kwenye kitundu kwa kuwa ndimi mwembamba, Mwalimu akinipa mafungu, Shemegi akifungua magunia, Mama Chapati akitupandishia chai na matusi. Sote tuliushika usumba ule. Tukaunusa, tukasema una harufu ya pwani. Bi Mkubwa aliomba kidogo, akakiweka puani akafumba macho. Kwao kulikuwa huko. Ilikuwa siku ya furaha ile. Nilitoka darini nimejaa nyuzi kichwani kama mwanasesere, wakanicheka wote, hata aliyelala kitandani.

Kaskazi ikaja na makali yake, na chumba kikawa kitulivu. Samli iliganda mpaka alasiri. Shemegi alikuja kama alivyoahidi, saa sita kamili za jua, akakataa maji, akatandika jamvi katikati ya chumba na kulala chali ili apime mwenyewe. Tukakaa pembeni tunamtazama. Macho yake yalikuwa kwenye dari, makali, yanatafuta kosa. Baadaye kidogo yakafumba. Alikoroma mpaka muadhini wa alasiri akamwamsha, akakaa kitako kwa aibu, alama za jamvi zimemjaa shavuni.

"Haya," akasema. "Kaa na mkeo."

Mwalimu aliinama kidogo tu. Lakini usiku ule, Mama Chapati anasema, alimsikia juu akitembea huku na huku, anakohoa kama mtu anayejaribu sauti.

Masika ndiyo yaliyotuumbua. Usumba wa Kiwengwa kazi yake ni kamba, na kamba zenyewe kazi yake baharini, hivyo hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuutoa chumvi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza, watu tuliozaliwa tumezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Chumvi ilikaa kimya kaskazi nzima. Ulipokuja unyevu wa masika ikaanza kuunywa, usumba ukalowa, ukalilalia bati kwa chini, na bati likaliwa. Asubuhi moja Mwalimu aliamka akakuta maji ya rangi ya chai yamedondoka usiku kucha upande wa kushoto wa kitanda. Mkewe alikuwa amelala ndani ya maji yale, bega mpaka paja, hajui.

Nilipanda niliposikia vyombo vinasogezwa. Mwalimu alikuwa ameweka beseni, amesimama chini ya tone. Alilipokea kwa kidole akalionja.

"Chumvi," akasema.

Sijasikia neno lililotamkwa tupu vile. Kama mtu anasoma bei sokoni.

Bi Mkubwa akashikwa na kifua. Shemegi alipokuja hakusema nilikwambia, na afadhali angelisema. Tulimteremsha mgonjwa kwenye kiti, tumemfunga kwa mapande yangu ya kaniki, na mafundo alifunga Mwalimu mwenyewe, moja moja, akilipima kila moja kwa kidole lisimkaze. Katikati ya ngazi Bi Mkubwa alimshika mumewe koti kwa mkono wa kulia. Alishika tu. Mimi nilikuwa chini nimebeba miguu ya kiti, siwezi kurudi wala kwenda. Mwalimu akavifungua vile vidole taratibu, kidole kwa kidole.

"Nnakuja," alimwambia. "Nnamaliza dari nnakuja kukuchukua."

Gari likaondoka. Mwalimu akapanda juu. Jioni hiyo tulisikia usumba unaanguka sakafuni, puu, puu, anautoa peke yake.

Alikuwa akienda Kiwengwa Ijumaa, akatoka na gari la asubuhi na kurudi na la jioni, ili nyumba isilale peke yake. Siku zilizobaki aliziba matundu ya bati kwa lami. Msimu wa sufi ulipofika alikwenda mashamba kwa miguu, akarudi na gunia kichwani, vinyuzi vyeupe kwenye nyusi. Na vifuko akashona mwenyewe, kwa mkono, kwa vile vipande vyangu vilivyotoweka: pembe ya gauni la mtu, kipande cha kanga, shati la skuli. Mshono wake ulikuwa mbaya kuliko yote niliyopata kuona. Nilitaka kumsaidia akakataa, akaniambia mteja wangu ananingoja.

Mwaka 1970 nilihama daka. Nilipata kazi kwenye karakana ya sare huko Kikwajuni, mashati ya kaki kutwa kucha, na wale waimbaji wangu wa taarab wakabaki kwenye foleni yao. Sikukata tamaa, nilizisogeza ndoto mbele kidogo tu. Siku nilipopata mapumziko nilipanda gari la shamba nikampelekea Bi Mkubwa gauni nililomshonea, lenye kifungo ubavu mzima ili asihangaishwe kulivaa.

Nyumba ya Shemegi ilikuwa baridi kweli, makuti manene, mlango unatazama baharini. Bi Mkubwa alikuwa amekonda lakini macho yake yana uhai. Wifi yake alipomgeuza kumvisha niliona mgongo. Kitanda cha kamba na jamvi jembamba vilikuwa vimemla upande wa kushoto, nyongani na begani, vidonda vyenye ukubwa wa kiganja. Alinikuta natazama.

"Siumwi," akasema, kwa utaratibu wake ule.

Kisha akauliza, "Keshamaliza?"

"Karibu, Bi Mkubwa."

Akapumzika. Maneno yalikuwa safari kwake. "Mwambie. Akimaliza. Aje alale."

Nilikwenda Mkunazini siku ya pili yake, mchana, jua la utosi. Nilipiga hodi nikapanda, na nilipoingia chumba cha juu nilidhani nimekosea nyumba. Palikuwa baridi. Si baridi ya upepo, baridi iliyotulia, kama ndani ya mtungi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kibago. Kitanda kimetandikwa, foronya imepigwa pasi. Alinionesha kisahani bila kusema: samli imeganda, unaweza kuikata kwa kisu.

"Umemaliza," nikasema.

"Tangu juzi. Nnangoja niione siku tatu mfululizo, kisha nimfuate."

Nikampa salamu za Bi Mkubwa. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Kasema nije nimchukue?"

"Hapana, Mwalimu. Kasema uje ulale."

"Nilale."

"Ndivyo alivyosema."

Uchochoroni muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, sauti ikatufikia ikapotea. Mwalimu akauliza, "Analalia nini kule? Nikienda nnamkuta kashatandikiwa, kafunikwa."

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa uongo mzuri kabisa, wa godoro nene na shuka mbili. Lakini alikuwa akinitazama usoni, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama hivyo tangu nimjue.

"Kitanda cha kamba, na jamvi. Ana vidonda, Mwalimu. Upande wa kushoto. Hajui kama anavyo."

Mwalimu alikisogeza kibago chini ya kitundu, akapanda juu yake, akaingiza mikono. Akatoa kifuko kimoja akakiangusha sakafuni. Akatoa cha pili.

"Mwalimu! Kazi yako!"

Akaendelea. Vifuko vilianguka bila kishindo, vya kanga, vya kaki, vya maua. Chumba kilianza kupata joto, nililisikia shingoni. Alipofika nusu ya dari akasimama, akaitazama nusu iliyobaki, ile ya upande wa mlango, akaiacha.

"Watoto watalala upande huu," akasema. "Mwambie Mama Chapati awapandishe leo hii, kabla hawajatiwa wengine. Na dirisha lile lifungwe jua likianza kuingia."

"Ntamwambia."

"Na akija mtu kuniuliza."

"Nimwambie uko Kiwengwa."

"Mwambie Kiwengwa. Mweleze na gari la kupanda."

Akashuka kwenye kibago, akapiga magoti katikati ya vifuko vyake, akavipapasa kama anavihesabu.

"Fundi, unaweza kuvifumua hivi ukashona godoro?"

Hakuwahi kuniomba kitu. Nilijibu haraka kwamba naweza, kesho liko tayari, nikavuta futi yangu shingoni nikainama nianze kupima. Nikauliza kama ninavyomuuliza mteja yeyote, bila kufikiri:

"La mtu mmoja au la wawili?"

Aliichukua ncha ya futi akaivuta mwenyewe mpaka alipopataka, akaikandamiza sakafuni kwa kidole gumba.

"La wawili," akasema. "Na upande wa kushoto ushindilie zaidi."